Ali Soilih na Serikali ya Vijana

Wanachama wenzangu, hebu fikirini serikali inayomkabidhi mwanafunzi wa shule ya upili mamlaka ya kijiji, na kumruhusu kupiga kura akiwa na miaka 14. Hiyo si hadithi ya Abunuwasi. Ilitokea Komoro, visiwa vilivyo kati ya Msumbiji na Madagaska, chini ya Rais Ali Soilih.

Soilih alizaliwa mwaka wa 1937 mjini Majunga, Madagaska. Alisomea kilimo, akaendelea na masomo Ufaransa, kisha akaingia siasa za Komoro. Tarehe 6 Julai 1975, Ahmed Abdallah alitangaza uhuru. Ngazija, Nzwani na Mwali vikawa nchi moja. Kisiwa cha nne, Mayotte, kikabaki na Wafaransa. Wiki nne tu baadaye Abdallah akapinduliwa. Soilih alikuwa miongoni mwa waliopanga mapinduzi hayo, na Januari 1976 akawa rais. Katika kumkamata Abdallah kule Nzwani, alisaidiwa na mamluki Mfaransa, Bob Denard. Jina hilo likumbukeni.

Rais mpya alikuta hazina tupu, maana Ufaransa ilikuwa imekata msaada na kuwaondoa wataalamu wake. Binafsi naona mengi aliyotaka yalikuwa mema. Alipiga marufuku ile harusi kubwa ya Kingazija, ambayo mtu huiwekea akiba miaka na miaka ili ahesabiwe kuwa mtu mbele ya watu. Alitaka kina mama wapate haki zao. Alianzisha mudiria, yaani vituo vya kupeleka huduma za serikali karibu na wananchi, badala ya kila jambo kungojwa Moroni.

Lakini njia aliyoifuata, lo! Mwaka wa 1977 alifukuza maelfu ya watumishi wa serikali, na nyaraka zikatiwa moto. Vijana wakashika nafasi zao. Kikosi cha Moissy kikatia watu hofu. Wazee wakaaibishwa, wapinzani wakapigwa. Waliokuwa wakimshangilia wakaanza kumchoka.

Basi, usiku wa kuamkia tarehe 13 Mei 1978, Denard yule yule alitua kwa meli na mamluki wapatao 50, safari hii akimpigania Abdallah! Soilih alikamatwa, na tarehe 29 Mei akauawa. Abdallah alirudi kutawala, naye akauawa ikuluni mwaka wa 1989, huku walinzi wake wakiwa chini ya Denard huyo huyo.

Wahenga walisema ngoma ya watoto haikeshi. Mimi siwalaumu watoto peke yao. Wenzetu wale walipewa madaraka, lakini hawakuwekewa sheria ya kuwazuia wala mtu wa kuwauliza hesabu. Na Soilih mwenyewe hakuingia ikulu kwa kura ya wananchi. Aliyeletwa na bunduki, bunduki ndiyo iliyomwondoa.