Spallanzani: Padri aliyefungua njia ya kugandisha mayai ya uzazi

MFUGAJI wa Busia au Malaba anayetaka ng'ombe wake apandishwe kwa mrija badala ya fahali huufahamu mtungi wa nitrojeni ya majimaji, ambamo mbegu huhifadhiwa katika baridi ya nyuzi 196 chini ya sufuri.

Elimu hiyo, ambayo leo huwawezesha hata wanawake kuhifadhi mayai yao ya uzazi, ina mizizi kwa padri Mwitaliano, Lazzaro Spallanzani.

Alizaliwa Scandiano mnamo Januari 1729. Alianza kusomea sheria mjini Bologna, lakini jamaa yake, Profesa Laura Bassi, akamvutia kwenye sayansi. Kuanzia 1769 alifundisha katika Chuo Kikuu cha Pavia.

Swali lililomsumbua ni jinsi mimba inavyotungwa. Aliwavisha vyura dume suruali ndogo za kitambaa, na mayai ya majike hayakuanguliwa. Alipoyapaka majimaji ya dume, yaliangua. Baadaye alimpandisha mbwa jike kwa bomba, naye akazaa watoto watatu baada ya siku 62.

Mwaka 1776 alieleza kwamba mbegu za kiume zilizopozwa kwa theluji ziliacha kutikisika, kisha zikachangamka zilipopashwa joto.

Hata hivyo, aliamini kwamba kiumbe kizima kimo ndani ya yai, na kwamba vijimbegu vinavyoogelea havina kazi. Alifariki Pavia mnamo Februari 1799 bila kuiacha imani hiyo.

Yai alilolitukuza ndilo lililochelewa kuhifadhika. Ni kubwa na limejaa maji, ambayo yakiganda polepole hugeuka vipande vya barafu vinavyolipasua. Mwaka 1949, Mwingereza Christopher Polge na wenzake waligundua kwamba gliserini hukinga mbegu za kiume dhidi ya baridi. Ilipofika 1986 ndipo Christopher Chen wa Australia alipotangaza mafanikio ya kwanza ya uzazi kutokana na mayai yaliyogandishwa na kuyeyushwa. Baadaye mbinu ya kugandisha ghafla, bila barafu kujiunda, iliongeza idadi ya mayai yanayonusurika.

Manufaa yake ni makubwa kwa msichana anayekabiliwa na tiba ya saratani inayoweza kumharibia kizazi, ingawa yai lililohifadhiwa si hakikisho la mtoto.

Lakini funzo la vyura wa Spallanzani halihitaji mtungi wala fedha. Mtoto hutokana na pande mbili, na nyumba inayomlaumu mke peke yake kwa kukosa mtoto imesahau kumpima mume.