Andy Varipapa: Bingwa wa Umri wa Kustaafu

Hadi mwaka 2009, mwalimu wa Kenya aliyetimiza umri wa miaka 55 aliweka chaki chini na kwenda nyumbani, hata kama akili yake ilikuwa bado kali kama wembe. Mwaka huo serikali ikausogeza umri wa kustaafu hadi miaka 60. Kila mjadala huu unapozuka, mimi humkumbuka Andy Varipapa, ambaye miaka hiyo hiyo 55 ndiyo iliyomvika taji la bingwa wa Marekani.

Mchezo wake ulikuwa boulingi. Mchezaji huviringisha tufe zito juu ya ujia wa mbao, kiasi cha mita 18, akikusudia kuangusha pini kumi zilizopangwa kwa umbo la pembetatu. Anayeziangusha zote kwa tufe moja, mara kumi na mbili mfululizo, hupata alama 300, na hapo hakuna la kuongeza.

Varipapa alizaliwa tarehe 31 Machi 1891 katika kijiji cha Carfizzi, kusini mwa Italia. (Mwanaisimu hawezi kulipita jina hilo kimya: Carfizzi ni kimojawapo cha vijiji vya Waarbëreshë, watu ambao mababu zao walivuka bahari kutoka upande wa Albania yapata karne tano zilizopita, wakaja na lugha yao.) Alihamia Marekani akiwa mtoto, akakulia Brooklyn, New York.

Riziki yake aliipata zaidi kwa maonyesho kuliko kwa zawadi za mashindano. Alizunguka miji akionyesha vioja: matufe mawili aliyoyaachilia kwa pamoja yakaangusha pini zilizosimama mbalimbali, au tufe lililokwenda, likasita, kisha likamrudia mwenyewe kama mbwa aliyeitwa. Mwaka 1934 kampuni ya MGM ilimtia katika filamu fupi, Strikes and Spares, nayo ikapendekezwa kwa tuzo ya Oscar. Unyenyekevu haukuwa miongoni mwa sifa zake. Alijisifu waziwazi, na wapo waliomwona kuwa mwanasarakasi tu, si mshindani.

Jibu lake lilichelewa, lakini lilikuja. Mwaka 1946 alishinda mashindano ya All-Star, yaliyokuwa magumu kuliko yote nchini humo, mbele ya wachezaji ambao wangeweza kuwa wanawe. Mwaka 1947 akashinda tena, akawa mtu wa kwanza kulitwaa taji hilo mara mbili mfululizo. Mwaka 1948, akiwa na miaka 57, alimaliza wa pili.

Sisi walimu tumezoea kuhesabu miaka ya mtu tukidhani tunapima uwezo wake. Hata katika taaluma yangu kuna nadharia isemayo kwamba mlango wa kujifunza lugha hujifunga mapema maishani. Kwa matamshi, nadharia hiyo ina nguvu. Kwa msamiati, haina: mtu huendelea kuongeza maneno hadi uzeeni. Najua hoja ya vijana waliofuzu ualimu na wanaosubiri nafasi za kazi, nami naiheshimu, kwa kuwa baadhi yao nimewafundisha mwenyewe. Lakini hiyo ni hoja ya ajira, na ijadiliwe hivyo. Isijivike joho la hoja ya uwezo, ikamwambia mwalimu wa hisabati aliye katika kilele cha kazi yake kwamba amechakaa.

Mwaka 1957 Varipapa aliingizwa katika orodha ya watukufu wa mchezo wake. Wengi wangetosheka hapo, wakakaa barazani kusimulia. Yeye aliendelea kucheza, hata alipokaribia miaka 80 na kifundo cha mkono wake wa kulia kikaanza kumuuma kiasi cha kutoweza kulibeba tufe. Basi akaanza upya kwa mkono wa kushoto. Msomaji aliyewahi kulazimishwa shuleni kuandika kwa mkono usio wake ataelewa ugumu wa jambo hilo: hatua za miguu hugeuka, jicho hulenga upande mwingine, na mazoea ya miaka sitini huwa adui. Alijifundisha hadi akafikia wastani wa alama 180 kwa mchezo, kiwango ambacho wachezaji wengi wa kawaida hawakifikii kwa mkono waliozaliwa nao. Alifariki tarehe 25 Agosti 1984, akiwa na umri wa miaka 93.