Fumo Liyongo: Mnoma wa Pwani Aliyeangushwa na Mtoi Wake

Wasee wa Thika Road, kabla ulipie muvi ingine ya shujaa wa ng'ambo mwenye upanga, cheki huyu wa kwetu.

Fumo Liyongo alikuwa jamaa wa pande za Kipini na Ozi, pale Mto Tana unaingia baharini. Wasomi wengi wanaamini aliishi kweli, karne kadhaa zilizopita. Lakini stori imemfanya jitu. Kwa utenzi ulioandikwa na Muhammad Kijumwa wa Lamu mwaka 1913, msee akipuliza baragumu zinapasuka, na watu wanahepa.

Hapo ndio shida ya hawa mashujaa wakubwa. Unamshangaa, lakini humfeel. Utamlilia aje mtu asiyeumia?

Sasa sikia. Mfalme wa Pate aliogopa Liyongo atamnyang'anya kiti, akamtupa jela. Kila siku mathe alimtumia msosi, masoja wakamanga ile mitamu yote. Liyongo akatuma ujumbe kwa wimbo: mathe apike mkate wa makapi, aufiche tupa ndani. Masoja hawakutaka makapi. Usiku wa ngoma ya gungu, kelele ikiwa juu, jamaa akakata minyororo, akatoka.

Mfalme akabadilisha mbinu. Akamwita mtoi wa Liyongo, akamuahidi cheo na binti yake awe bibi. Kijana akaenda kumuuliza babake ni kitu gani kinaweza kumuua. Mzae alishuku ametumwa. Bado alimwambia: sindano ya shaba, kwa kitovu.

Maze, hiyo ndio inauma. Jeshi lilishindwa, minyororo ikashindwa, lakini hakuweza kumnyima mtoi wake jibu.

Alidungwa akiwa amelala. Akaamka, akashika upinde, akaenda kisimani, akapiga magoti, mshale tayari. Akafia hapo. Kwa siku kadhaa hakuna aliyethubutu kuchota maji, wakidhani yuko hai. Ikabidi mathe aitwe ambembeleze. Alimsihi mtoto wake akidhani amekasirika tu, kumbe anaongea na maiti. Mwishowe mwili ukaanguka.

Na yule kijana? Ile zawadi hakuionja.

Baragumu utazisahau. Huyo mathe akibembeleza pale kisimani, utamkumbuka, juu kila mtu mtaani anajua mathe kama huyo.