Mfahamu Reginald Farrer, aliyewafundisha Waingereza kupanda maua kwenye nyufa za mawe

Msikilizaji wetu mmoja alitupigia simu akitaka kujua kama mahali penye mawe matupu panaweza kuwa bustani. Nyuma ya nyumba yake kuna mwamba, na majirani wanamshauri auvunje auze kokoto. Hewani tulimjibu kwa kifupi kwamba inawezekana. Leo tunalijibu swali lake kwa kirefu, kupitia maisha ya Mwingereza aliyefariki zaidi ya miaka 100 iliyopita.

Reginald Farrer alizaliwa Februari 17, 1880 katika familia yenye mali. Alilelewa kijiji cha Clapham, Yorkshire, kaskazini mwa Uingereza, chini ya mlima Ingleborough. Alizaliwa na mdomo sungura, na kaakaa lake lilikuwa limepasuka. Utotoni alifanyiwa upasuaji mara nyingi, na kwa muda mrefu maneno yake hayakueleweka kwa urahisi. Kwa sababu hiyo hakupelekwa shule kama watoto wengine wa hadhi yake. Alisomeshwa nyumbani.

Sisi tunaokula kwa sauti zetu tunaweza kukisia maana ya jambo hilo kwa mtoto. Asiyeweza kuzungumza na wenzake hutafuta wa kukaa naye. Farrer alikwenda mlimani. Ingleborough ni mlima wa mawe ya chokaa, na mawe hayo yana nyufa ndefu ambamo mimea midogo huota ikijikinga na upepo. Aliitazama, akajifunza majina yake, na alipofika umri wa miaka 14 tayari alikuwa ametengeneza bustani yake ya kwanza ya mawe katika machimbo yaliyoachwa.

Kwa nini kwenye ufa?

Hapa tusimame kidogo. Mimea ya milima mirefu huishi kwenye jua kali, upepo na baridi. Hali hiyo wanaijua hata waliopanda Kilimanjaro: mchana jua linachoma, usiku maji yanaganda. Mmea wa aina hiyo huwa mfupi, umejikunja kama mto mdogo, lakini mizizi yake huenda mbali sana chini.

Baridi peke yake haiuui. Kinachouua ni maji yanayotuama shinani. Ukiupanda kwenye udongo mzito wa bustani ya kawaida, mvua ikinyesha mfululizo, shina linaoza. Ndani ya ufa mambo ni tofauti. Maji hupita haraka na shina hubaki kavu, huku mizizi ikikuta ubaridi na unyevu kidogo uliohifadhiwa kati ya mawe.

Farrer aliona kwamba Waingereza wengi wa wakati ule walikuwa wakikosea. Walirundika mawe kama mapambo, kisha wakachomeka mimea juu ya lundo. Yeye alisisitiza kwamba mawe yapangwe kama yanavyolala mlimani, yazikwe vizuri, na nyufa zake ziende chini hadi penye udongo. Pia aliwazoesha watu kutumia matuta ya kokoto nyingi na udongo kidogo, kwa kuiga kokoto zinazoachwa na barafu milimani.

Kuizidisha mimea hiyo nako kuna utaratibu wake. Mbegu nyingi za milimani hazioti mpaka zipitie kipindi cha baridi. Kwa hiyo hupandwa kwenye vyungu na kuachwa nje majira yote ya baridi, nazo huchipua joto linaporudi. Mingine huzaa machipukizi pembeni, ambayo hukatwa na kupandwa kwenye mchanga. Na anayetaka kupanda ufani achukue mche mchanga wenye mizizi midogo, auingize, kisha aubane kwa vipande vya mawe. Mmea mkubwa hauingii bila kuumizwa mizizi.

Kalamu ikawa sauti

Farrer alisoma Chuo Kikuu cha Oxford na kumaliza mwaka 1902. Mwaka uliofuata alikwenda Japani. Mwaka 1907 alitoa kitabu kuhusu bustani yake ya mawe, na watu wakashangaa. Aliandika juu ya maua kama mtu anayesimulia habari za majirani: huyu mpole, yule mkaidi, mwingine hana shukrani. Kijijini alifungua kitalu akauza miche ya milimani. Mwaka 1908 alikwenda Ceylon, leo Sri Lanka, akaingia katika dini ya Wabudha.

Inasimuliwa kwamba alipotaka mimea iote kwenye jabali lisilofikika, alijaza mbegu kwenye risasi za bunduki na kuzifyatua kuelekea mwambani.

Mwaka 1914 alisafiri hadi Gansu, China, karibu na Tibet, pamoja na William Purdom. Ni haki kumtaja Purdom, kwa kuwa aliifahamu China kabla ya Farrer na alibeba sehemu kubwa ya kazi. Wenyeji waliowaongoza na kuwabebea mizigo hawakumbukwi sana. Kutoka safari hiyo kuna mimea ambayo hadi leo ina jina la Farrer, ukiwemo mmoja wenye maua ya buluu kama anga, Gentiana farreri.

Kitabu chake kikubwa kuhusu bustani za mawe za Uingereza, chenye juzuu mbili, kilicheleweshwa na Vita Kuu ya Kwanza. Kilitoka mwaka 1919, yeye akiwa mbali, kwenye milima ya Burma, ambayo sasa ni Myanmar. Mwenzake wa safari hiyo, Euan Cox, alirudi nyumbani baada ya msimu wa kwanza. Farrer alibaki na watumishi wake, mvua ikinyesha siku nyingi mfululizo. Aliugua mbali na daktari, akafariki Oktoba 17, 1920. Alikuwa na miaka 40.

Mimea mingi aliyoituma kutoka Burma haikudumu Uingereza, kwa kuwa ilizoea hali tofauti. Mtu aliyefundisha wengine kwamba kila mmea una mahali pake alimaliza maisha yake akikusanya mimea ambayo mingi haikupata mahali huko kwao.

Somo lake, hata hivyo, lilibaki. Mwaka 1929 wapenzi wa mimea hiyo waliunda chama chao Uingereza, na katika maonyesho yao mmea bora hupewa medali yenye jina la Farrer. Baadaye wakulima wa bustani wa Jamhuri ya Cheki waliendeleza njia ya kusimamisha mawe bapa yaliyobanana ili nyufa ziwe nyingi zaidi.

Kwa hiyo, msikilizaji wetu, usiuvunje mwamba wako bado. Huhitaji maua ya Ulaya. Angalia kwanza kilichojiotea chenyewe kwenye nyufa zake baada ya mvua, maana hicho ndicho kinachopafaa. Anza na hicho, kisha utupigie utueleze.