KATHARINA VON BORA, BIBI WA MARTIN LUTHER



Kila mtu wa shule hii anajua jina la Martin Luther. Tumejifunza juu ya hoja zake 95 za mwaka 1517, na namna alivyosimama bila kuogopa kule Worms mwaka 1521. Lakini ukiuliza darasa zima bibi yake alikuwa nani, watu wanatazamana tu. Sisi wa mwaka wa sita tuko karibu kutoka shuleni, na wengi kati yetu wataoa ao wataolewa bila kukawia. Jioni tunasikia mabishano: je, bibi Mkristo mwenye kumtii bwana yake anaweza kusema neno nyumbani? Wengine wanasema kutii ni kunyamaza. Wengine wanasema kutii ni mambo ya zamani. Tumechagua maisha ya mama huyu kwa sababu yeye alijibu swali hilo kwa matendo.

UTOTO WAKE NA KUTOROKA

Katharina alizaliwa tarehe 29 Januari 1499 katika jimbo la Sachsen, Ujerumani. Jamaa yake ilikuwa ya watu wa cheo, lakini mali ilikuwa imekwisha. Alipokuwa bado mtoto mdogo alipelekwa kulelewa na watawa, ndio masista, na baadaye akahamishiwa kwenye nyumba ya watawa ya Nimbschen. Pale alijifunza kusoma na kuandika, na mwaka 1515, akiwa na miaka 16, akaweka nadhiri ya utawa.

Kisha mafundisho ya Luther yakaingia hata ndani ya kuta zile. Katharina na wenzake kadhaa waliona kwamba wokovu hauji kwa nadhiri, wakataka kutoka. Waliwaomba jamaa zao wawasaidie, lakini jamaa hawakukubali, juu sheria ilikuwa kali. Basi wakamwomba Luther mwenyewe. Kulikuwa mfanyabiashara mmoja wa Torgau, Leonhard Koppe, aliyezoea kupeleka vyakula pale kwa watawa. Usiku wa kuamkia Pasaka ya mwaka 1523, Koppe akawatoa watawa 12 kwa gari lake la farasi. Tisa kati yao wakafika Wittenberg bila franga, na bila jamaa wa kuwapokea.

NDOA YAKE

Luther alijitwika kazi ya kuwatafutia wale wasichana makao ao wachumba. Katharina akapokelewa nyumbani mwa mchoraji Lukas Cranach. Kijana mmoja wa Nürnberg, Hieronymus Baumgartner, alimpenda, lakini hakurudi tena kumwoa. Ndipo wakamletea mchungaji mmoja mtu mzima, Kaspar Glatz. Katharina akakataa. Akamwambia rafiki ya Luther, Nikolaus von Amsdorf, kwamba kama ni kuolewa, atamkubali Amsdorf mwenyewe ao Luther. Kumbe msichana asiye na kitu anaweza kuwa na akili ya kuchagua!

Wakaoana tarehe 13 Juni 1525, mbele ya mchungaji Johannes Bugenhagen na mashahidi wachache. Luther alikuwa na miaka 41, Katharina 26. Watu wengi hawakufurahi, hata Philipp Melanchthon, rafiki mkubwa wa Luther, kwa sababu mwaka ule vita vya wakulima vilikuwa vinamwaga damu nchini. Luther mwenyewe hakuficha kwamba hakuoa kwa moto wa mapenzi. Upendo ulikuja nyuma, polepole, katika maisha ya kila siku.

KAZI YAKE NYUMBANI

Walipewa kukaa katika nyumba kubwa ya zamani ya watawa wa kiume mjini Wittenberg, mahali Luther alipokuwa amekaa tangu ujana wake. Luther alijua Biblia kuliko wote, lakini kutunza nyumba hakujua. Alisimulia mwenyewe kwamba mbele ya kuoa, kitanda chake kilipita mwaka mzima bila kutengenezwa. Hakutaka malipo juu ya vitabu vyake, na kila mwenye shida aliyepiga hodi alipewa kitu.

Hapa ndipo kazi ya Katharina ilipoanza. Alitengeneza nyumba, akalima bustani, akafuga ng'ombe, nguruwe na kuku, akapata na bwawa la samaki. Alitengeneza bia pia. Wasomaji wetu wasishangae, kwani kule bia nyepesi ilikuwa kinywaji cha mezani cha kila siku, na hatuandiki hivi ili mtu apate ruhusa! Alipokea wanafunzi wa chuo kikuu kulala na kula kwa malipo. Mezani walikuwa watu wengi: wanafunzi, wageni, wakimbizi, na watoto yatima wa jamaa. Yale mazungumzo ya Luther mezani ambayo wanafunzi waliyaandika yakawa kitabu, yalifanyika mbele ya chakula cha Katharina. Naye hakuwa mpishi tu pale. Alisikiliza na kusema lake.

Tutoe mfano mmoja. Walipooana, Askofu Mkuu Albrecht wa Mainz aliwatumia zawadi ya gulden 20. Huyu ndiye aliyehusika na biashara ya barua za msamaha ambayo Luther aliipinga mwaka 1517. Luther akakataa zawadi hiyo kwa hasira. Lakini Katharina akaipokea, kwa maana alijua ghala haina kitu. Tunafikiri kila mama wa nyumba anamwelewa.

Mwaka 1527 tauni ikaingia Wittenberg. Chuo kikuu kikahamia Jena, watu wengi wakakimbia. Luther akabaki, na Katharina akabaki pamoja naye, akiwa na mimba, na nyumba yao ikawa kama hospitali. Walizaa watoto sita. Elisabeth alikufa mwaka 1528 akiwa bado mchanga. Magdalena alikufa mwaka 1542, akiwa na miaka 13. Baba aliyefariji nchi nzima alilia kama mtu asiyefarijika, na mama alilia naye.

Luther alimshauri bibi yake asome sana Biblia. Mwaka 1535 alimwahidi gulden 50 kama ataimaliza mbele ya Pasaka. Na Katharina naye alimshauri bwana yake: Luther alisema kwamba ni bibi yake aliyemsukuma kumjibu mwalimu mkubwa Erasmus. Mwaka 1545, Luther akiwa safarini, alichoshwa na tabia za watu wa Wittenberg, akamwandikia Katharina kwamba hataki kurudi tena, nyumba na bustani ziuzwe. Nyumba haikuuzwa. Marafiki na watawala walimtuliza Luther, akarudi, akaikuta nyumba yake iko palepale.

UJANE NA KIFO

Mwaka 1542 Luther aliandika wosia wake. Aliandika kwamba Katharina alikuwa bibi mwaminifu, kisha akamwachia mali na kumpa kazi ya kulea watoto wao. Wakati ule sheria ya Sachsen haikumruhusu mjane kusimamia mali mwenyewe. Luther alikuwa amefundisha kwa maneno makali kwamba kazi ya mwanamke ni ya nyumbani tu. Lakini miaka 17 ya kuishi na Katharina ilikuwa imemfundisha jambo ambalo hakulipata vitabuni.

Luther alikufa tarehe 18 Februari 1546. Wanasheria wakaukataa ule wosia, wakaweka walezi. Katharina hakutukana mtu, lakini hakunyamaza pia. Alimwomba mtawala Johann Friedrich msaada, akapigania kukaa na watoto wake. Mara vita vikafika; akakimbia na watoto hadi Magdeburg, na tena hadi Braunschweig. Aliporudi mwaka 1547 mashamba yalikuwa yameharibika na wanyama wamepotea. Akaanza upya, akapokea tena wanafunzi.

Mwaka 1552 tauni ikarudi, akaondoka kwenda Torgau. Njiani farasi wakashtuka, akaanguka kutoka garini, akaumia sana. Alikufa tarehe 20 Desemba 1552, miaka 53, akazikwa katika kanisa la Maria Mtakatifu la Torgau. Jiwe la kaburi lake linamwonyesha akishika kitabu mkononi.

MAFUNDISHO KWETU

Kwanza, kwa dada zetu. Katharina hakuwa malaika. Watu wa Wittenberg walimsema kwamba ana kiburi na anapenda sana franga. Lakini hakumwacha bwana yake wakati wa taabu. Soma Mithali sura ya 31: yule mama anasifiwa kwa kununua shamba, kwa kufanya biashara, na kwa kufungua kinywa chake kwa hekima. Kwa hiyo bibi mwenye kutii hakosi neno. Ila neno lake linapata nguvu kwa sababu mwenendo wake umelitangulia, kama Petro anavyofundisha katika barua yake ya kwanza, sura ya 3.

Pili, kwa ndugu zetu wavulana. Tunapenda sana kuwasomea wasichana Waefeso sura ya 5. Tuisome yote basi, hata mahali bwana anapoagizwa kumpenda bibi yake kama Kristo alivyolipenda Kanisa na kujitoa kwa ajili yake. Luther alikuwa mtu wa hasira na wa sauti kubwa, lakini aliposhauriwa nyumbani alisikiliza. Hakupotewa na heshima kwa kusikiliza. Heshima yake ilisimama juu ya nyumba ambayo Katharina aliitunza.

Tatu, kwa sisi wote. Hata kwetu, bwana akifa, mara nyingi ndugu zake wanakuja kubeba vitanda, sahani na hata mabati, na mama aliyelima na kuuza sokoni miaka yote anabaki na watoto uani. Siku ya mazishi tunaimba naye, kesho yake tunanyamaza. Wosia wa mwaka 1542 unatuhukumu. Mvulana Mkristo anayetaka bibi wa kumsaidia, aandike mapema kwamba nyumba ni ya wote wawili.

Wasichana wa darasa letu, wengi wanawaambia kwamba kusoma kwenu hakufai juu mtaolewa tu. Katharina aliolewa, na kila alichojifunza kilimfaa. Malizeni masomo yenu. Bwana awabariki.