Adriano Atiman, Tabibu wa Karema

Tunapofundisha historia ya tiba katika nchi yetu, hatuna budi kumtaja Adriano Atiman. Alizaliwa karibu na mwaka 1866 kando ya Mto Niger, katika nchi iitwayo leo Mali. Angali mtoto alitekwa, akauzwa utumwani na kuvushwa jangwa la Sahara. Mwaka 1876 Mapadri Weupe walimkomboa huko Aljeria, wakamsomesha, kisha wakampeleka kisiwani Malta kujifunza utabibu.

Mwaka 1889 alifika kwa msafara Karema, kwenye Ziwa Tanganyika, kaskazini ya Ufipa. Hapo alitibu wagonjwa kwa miaka 67, hadi alipofariki mwaka 1956. Wala hakuona kwamba masomo ya Malta yametosha: alijifunza pia kwa waganga wenyeji, akazitumia dawa zao za miti pamoja na zile za Ulaya. Kwa maoni yetu, huo ndio utafiti. Aliyesoma hakuona haya kuwauliza wasiosoma.

Ndugu wanachuo, hapo pana funzo la ualimu. Waonyesheni watoto njia ya Atiman kwenye ramani. Kisha kila mmoja aulize nyumbani jina la mmea mmoja wa dawa na kazi yake. Majina yaandikwe ubaoni na kulinganishwa, ila mtoto asionje kitu. Mwalimu asiyeuliza wanafunzi wanajua nini hufundisha nusu ya somo.