John Akii-Bua
John Akii-Bua (3 Desemba 1949 – 20 Juni 1997) alikuwa mwanariadha wa Uganda aliyeshindana katika mbio za mita 400 kuruka viunzi. Ndiye mtu wa kwanza duniani kumaliza mbio hizo chini ya sekunde 48, na Mganda wa kwanza kushinda medali ya dhahabu ya Olimpiki.

== Maisha ya awali ==
Alizaliwa Abako katika eneo la Lango, kaskazini mwa Uganda, katika familia kubwa ya chifu mwenye wake wengi. Alijiunga na polisi, akafundishwa riadha na kocha Mwingereza Malcolm Arnold. Mwaka 1970 alishika nafasi ya nne katika Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Edinburgh.

== Rekodi ya dunia ==
Fainali ya Olimpiki ya München ilifanyika tarehe 2 Septemba 1972. Akii-Bua alipangiwa njia ya kwanza, iliyo ndani kabisa, ambako kona ni kali zaidi. Katika mbio hizi kuna viunzi 10 vya kimo cha sentimita 91.4, na kati ya kiunzi na kiunzi ni mita 35. Uwezo wake wa kuruka kwa kutanguliza mguu wowote ulimsaidia kutopoteza mwendo.

Alitumia sekunde 47.82. Rekodi ya awali, 48.12, iliwekwa na Mwingereza David Hemery mwaka 1968. Saa za umeme zilipima hadi sehemu ya mia ya sekunde: Ralph Mann wa Marekani alipata fedha kwa 48.51 na Hemery shaba kwa 48.52.

== Baada ya München ==
Mwaka 1976 Uganda ilijiunga na nchi za Afrika zilizosusia Olimpiki ya Montreal, kupinga uhusiano wa New Zealand na Afrika Kusini katika raga. Hivyo Akii-Bua hakuweza kutetea medali yake, na huko Montreal Edwin Moses wa Marekani aliivunja rekodi yake.

Utawala wa Idi Amin ulipoanguka mwaka 1979, alikimbilia Kenya akawekwa katika kambi ya wakimbizi. Kampuni ya viatu ya Puma ilimsaidia kuhamia Ujerumani ya Magharibi. Alishiriki Olimpiki ya Moscow mwaka 1980 lakini hakufika fainali. Baadaye alirudi Uganda akawa kocha.

Alifariki Kampala akiwa na umri wa miaka 47, akazikwa kwa heshima za kitaifa. Uganda haikupata dhahabu nyingine ya Olimpiki hadi mwaka 2012, Stephen Kiprotich aliposhinda marathoni mjini London.